Mawaridi Yaliyokwenda Makanyagio

Jumatatu, 4 Agosti 1997
Meneja Enoka katuita wote barazani. Hoteli inauzwa. Mnunuzi anatoka Arusha, anafika Jumamosi. Bustani ya mbele ikimpendeza inabaki. Isipompendeza anamwaga kokoto, aegeshe magari. Wote wakanigeukia. Mtunza bustani ni mimi peke yangu.
"Verdiana, tunategemea mawaridi yako," akasema meneja. Mwezi uliopita aliyaita miiba.
Yalipandwa na mke wa Mzungu wa mgodi, zamani hizo. Leo yamechanua arobaini na matatu.

Jumanne, 5 Agosti
Bomba kavu. Namwagilia maji waliyoogea wageni. Mgeni wa chumba namba sita anaoga kidogo mno — nimezungumza naye kwa adabu.
Nkwabi mpishi kapita na sufuria: nyie Wafipa mnahangaikia vitu visivyoliwa. Yeye Mnyamwezi, mtani wangu. Nikamwambia hata wali wake hauliwi, na kila siku anaupika.

Jumatano, 6 Agosti
Mjomba Selestine amefariki kwake Makanyagio. Miaka zaidi ya tisini. Kamaliza uji, kasifia sukari, kalala. Mungu ampokee.
Nimepewa ruhusa ya siku mbili. Bustani nimemwachia Nkwabi. Akili ya mfiwa hiyo.

Alhamisi, 7 Agosti
Tumemzika. Jeneza linatoka, watani hao! Nkwabi mbele, kajilaza njiani: "Hapiti mtu. Nani kampa huyu ruhusa ya kufa bila kuniaga?" Shangazi Prisila alicheka mpaka akasahau alikuwa analia.
Nkwabi kichwani kavaa taji la mawaridi. Beseni mkononi, limejaa mengine. Niliyatambua kama mtu anavyotambua mbuzi wake. Akayapanga yote juu ya kaburi, taratibu, na hapo hakutania tena. Nikahesabu. Arobaini na matatu.
Mtani hakasirikiwi, sembuse msibani. Nikacheka. Meno tu.

Ijumaa, 8 Agosti
Miti mitupu. Enoka anataka jina la mkataji, kwa maandishi, kabla ya saa kumi. Huyo kazi hana.
Nkwabi kaniambia niandike tu jina lake. Kisha: "Mzee wenu nilimpenda. Ningempelekea nini, vitunguu?" Ana watoto watano.
Nimeandika: Mawaridi yamekwenda msibani. Meneja kauliza, yamekwenda kwa miguu? Nikamjibu wino umeniishia.

Jumamosi, 9 Agosti
Mnunuzi kafika saa nne, na mkewe. Kasimama mbele ya miti yangu, mikono mfukoni. Mawaridi yako wapi? Enoka akaninyooshea kidole: muulize huyo.
Nikasema yako Makanyagio, kaburini kwa mjomba wangu.
"Mama, nimesikia visingizio vingi," akasema yule bwana, "lakini hiki ni kipya. Twende ukanionyeshe."
Mkewe anainusa kila mti kama kuna kitu.
Naandika kibandani kwa haraka, dereva anatia maji kwenye rejeta. Siku mbili juani, tena Agosti — yatakuwa yamebaki nini? Nachungulia: Nkwabi keshakaa kiti cha nyuma, aproni bado kiunoni. Meneja kamuuliza, wewe unakwenda wapi?
"Kuwaonyesha kaburi. Huyu Mfipa atawapoteza."
Enoka kamtazama. Kaitazama miti. Kamtazama tena.
Honi. Wananiita.