Nimeibomoa Nyumba Yako

Baba, shikamoo.

Nakuandikia nimesimama, maana nikikaa nainuka tena. Usisikie kwa mwingine, sikia kwangu: nimeibomoa nyumba yako.

Unakumbuka ulivyoanguka nje ya kanisa, ukiamkiana na wazee? Ulizimia ghafla, kisha ukainuka, ukajipangusa vumbi, ukacheka. "Miguu hii imepeleka pembe za ndovu mpaka pwani. Sasa inadai mapumziko." Homa ikaja, ikaondoka, ikarudi. Ukaanguka tena zizini. Sisi tukasema uzee. Baba mdogo akasema umerogwa. Wewe ukarudi kulala kwenye ngozi yako ya ng'ombe sakafuni, na asubuhi moja hukuamka.

Hata nyasi hazijaota kaburini, Mama naye akazimia kando ya kisima. Homa ile ile, jasho lile lile. Sikumsikiliza mtu. Nilimpandisha gari moshi pale Igalula, nikamfikisha hospitali Tabora. Daktari akamtoboa kidole, akaipima damu, akaniuliza, "Mama analala wapi?"

"Chini, kwenye ngozi ya marehemu."

"Basi ni papasi."

Akanieleza kwamba wadudu wale wa kwenye nyufa na vumbi la sakafu humuuma mtu usingizini, wakamwachia homa inayokwenda na kurudi. Homa hiyo humlegeza mzee moyo hata akazimia akiwa amesimama.

Papasi, Baba. Wale uliokuwa ukisema wanawadhuru wageni tu, mwenyeji wanamjua. Lakini wewe na Mama mlikaa Tanga miaka mingi. Walikwisha kuwasahau.

Mama alichomwa sindano, akapona. Tuliporudi akajitandikia ngozi pale pale. Nilimsihi. "Siondoki nyumbani kwa mume wangu," akasema. Basi alipokwenda shambani nikamwita kaka, tukashusha paa, tukaangusha kuta, ngozi tukaichoma. Aliporudi alikaa juu ya kifusi mpaka jua likazama. Tangu siku hiyo anakula kwangu akinipa mgongo, nami situlii, nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Leo ndipo aliposema, "Mlango utaelekea wapi?"

Nikamjibu, "Njiani, Mama, uwaone wapitao."

Akaitika kwa kichwa, akaenda kuumwagia maji udongo wa kuta mpya.

Namwona toka hapa anaukanyaga peke yake, kwa hiyo kalamu naiweka. Pumzika, Baba. Kitanda chake nitakiinua mbali na sakafu, hata akininunia tena.

Mwanao,
Kalunde