Nyota Kwenye Kisigino

Jumatatu, 3 Oktoba 1955

Mungu aliumba miguu, lakini mimi Kiilu ndiye nitaivalisha yote, kutoka Thika mpaka Nairobi, na ya Wazungu pia wakijipanga vizuri. Si kujisifu. Ni habari tu.

Mjomba Makau hakubali. Miaka yote amekaa palepale karibu na stesheni, anakata matairi makuukuu, anatengeneza viatu vya akala, anangoja mguu uje. Nikamwambia, mjomba, mguu hauji, mguu una kazi! Akasema yeye ni fundi. Nikasema mimi ni mfanyabiashara. Akauliza tofauti ni nini. Jibu limekuja sasa nikiwa nimelala: fundi anangoja, mfanyabiashara anafuata. Kesho nitamwambia. Atanuna. Vizuri.

Jumamosi, 8 Oktoba

Nimefika Ruiru na baiskeli ya mjomba. Ameniazima. Ila yeye bado hajajua.

Shamba la kahawa, wachumaji wengi kama siafu, wote pekupeku. Wakikuyu hawawezi kuja Thika kununua akala, siku hizi za hali ya hatari, bila pasi mtu havuki hata barabara. Mimi Mkamba — homgadi, mlinzi wa serikali, ananiangalia mara moja, anapiga miayo. Basi duka limewafuata. Nani alifikiria hivyo? Si karani. Si yule mwalimu aliyenifukuza darasa la nne kwa sababu ya mdomo.

Nimepewa nafasi chini ya upenu, kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi. Mwenye upenu ni Njambi, watu wanamwita Mama Kagwe. Anachuma kahawa, jioni anauza uji. Bwana yake hayupo, hakuna anayesema yuko wapi, na mimi sina haja. Aliniuliza, "Wewe kamtoto ka Ukambani, mama yako anajua uko huku?" Nikasema mama ndiye amenituma nimtafutie mkamwana. Akanigonga na mwiko. Uji wake mzuri sana.

Napima miguu na uzi wa katani. Nikishapima naukata, nafungia kitambaa kidogo cha mwenyewe nisisahau. Cha Mama Kagwe ni buluu, cha leso yake. Nimerudi Thika na miguu ya watu mfukoni!

Jumapili, 16 Oktoba

Nina akili nyingi, siku moja itapasua kichwa.

Mvua imeanza. Udongo wa Ruiru ukilowa unashika alama ya kila kitu, hata mguu wa kuku. Nikafikiri: huo si udongo, ni gazeti! Leo kila akala nimeikata nyota kwenye kisigino, kwa ncha ya kisu. Mtu akitembea — nyota, nyota, nyota, mpaka mtoni. Wa nyuma anauliza, hii ni nini? Anaambiwa, ni Kiilu. Wateja wangu wananitangazia bila mshahara.

Mjomba ameigeuzageuza, akasema kwetu anayewekwa alama ni ng'ombe, ili akipotea ajulikane. Mzee huyu! Sasa mtu atapotea wapi?

Jumamosi, 22 Oktoba

Pea ya Mama Kagwe. Alikuwa anasimulia kisa cha kuku wake, nikacheka, kisu kikateleza. Nyota imelala upande, mguu wake mmoja mrefu. Nikasema nitakata nyingine. Akakataa. "Wacha, hii imelewa. Hata mimi sitembei sawa siku hizi, nimechoka." Akavaa, akazunguka upenu mzima akiangalia nyuma alama yake. Kagwe, mwanawe mdogo, alikuwa anazihesabu kwa sauti, akaruka saba.

Ijumaa, 4 Novemba

Laini zote wana nyota, na wote nimewaambia udongo ndio gazeti langu. Hata mtu wa kanisa.

Asiyevaa ni Jeconia, nyapara. Anavaa buti kuukuu za Bwana, Mzungu mwenye shamba, zinamtangulia kufika. Leo alipita akasema kazi yangu ni ya kubahatisha, hata mimi mwenyewe sijui ninachokata. Mbele ya watu! Nikamwambia, nyapara, toa hiyo mitumbwi nikupime. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Bado nalifikiria hilo neno. Kubahatisha! Mimi!

Alhamisi, 10 Novemba

Leo mambo.

Nimefika nikakuta hakuna anayechuma. Homgadi wawili mtaroni, kwenye mpaka wa shamba. Jeconia akaniita, "Fundi! Njoo uone gazeti lako." Kuna alama moja, wameifunika na karai mvua isiifute. Mtu amevuka mtaro usiku, saa za kafyu, watu wamekatazwa kutoka nje, kwenda upande wa mto. Wanasema ni chakula kinapelekwa kwa watu wa msitu, Mau Mau. Akijulikana, ni kizuizini.

Wakafunua karai. Nyota imelala upande. Mguu mmoja mrefu.

Nilinyamaza. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, kwanza nilinyamaza. Jeconia akamwambia homgadi, "Usimuulize huyu. Nyota zake zote ni sawa, ni kazi ya kubahatisha, hata mamake hawezi kujua gani ni gani." Nikasema si sawa. Nikasema hii kisu kiliteleza, iko moja tu Ruiru nzima.

Jina sikulitaja.

Wakapanga watu wote mstari mmoja, wanainua miguu nyuma kama punda. Nyota zote zimesimama. Wote wamevaa — ndiyo biashara yangu! Wote isipokuwa Mama Kagwe. Yeye amekuja pekupeku.

Jeconia akamuuliza akala ziko wapi. Akasema ilikatika kamba, akawashia nayo moto wa uji. "Haiya, tairi si ndiyo inawaka vizuri kwa mvua?" Mtu mmoja alicheka, akaziba mdomo. Mama Kagwe aliniangalia mara moja tu, vile mtu anaangalia mawingu kabla ya kuanika nguo. Halafu wakaondoka naye, na Kagwe akabaki na sufuria.

Ijumaa, 11 Novemba

Niko Thika. Mjomba anakata tairi, mimi nimekaa. Leo fundi tuko wawili.

Jeconia amesema nirudi kesho asubuhi na nyuzi zangu zote, tupime ile alama. Karai bado limewekwa juu. Nyuzi hizi hapa kitandani. Nimetoa wa Mama Kagwe, wenye kitambaa cha buluu, nimeurudisha. Nimeutoa tena. Nikienda bila huo, watauliza mbona laini zote wana uzi, na mwenye upenu hana? Nikiukata mfupi, utalingana na mguu wa mtu mwingine. Nimeulinganisha na zingine. Ukikata kidogo unakuwa wa Gathoni wa nyumba ya tatu. Ukikata zaidi unakuwa wa mtoto.

Nisipokwenda wanajua Mjomba anakaa wapi. Kila mtu anajua, ni miaka yote palepale.

Mjomba ameuliza ni nani alinilazimisha kusema. Nikasema homgadi walinipiga. Nikamwonyesha goti. Amechemsha maji, amenikanda polepole kwa kitambaa, yeye mwenyewe, na mikono yake ile ya tairi.

Goti nilianguka na baiskeli nikirudi. Hakuna aliyenipiga. Homgadi mmoja alinipa hata sigara. Jeconia alisema tu nyota zangu zote ni sawa, na mimi nikataka ajue si sawa.