Sarafu za Baba Mkwe Zimekuwa Shaba, Mwizi Nimekuwa Mimi

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na kama kuna namna ya kunijibu kabla ya Ijumaa tafadhali nijibu, kwa sababu Ijumaa wifi yangu amesema anakuja na polisi, na mtu wanayemfuata ni mimi.

Mimi ni msusi, nina saluni ndogo, mume wangu ni fundi wa friji, mtu mpole ambaye hajawahi kunipandishia sauti, na tunaishi na mama yake. Marehemu baba mkwe aliacha kopo la sarafu za zamani za fedha zenye kichwa cha mfalme, na enzi za uhai wake kila akija mgeni alikuwa akizimwaga mezani, anazisugua kwa kidole gumba huku anasimulia alivyozipata, kwa hiyo sote tulijua kopo lile ndiyo mali ya familia, na alipofariki likabaki kabatini kwa mama. Mwezi uliopita wifi, ambaye ndiye mkubwa wao, akataka ziuzwe wagawane aongeze mtaji wa duka lake la vitambaa, na kwa kuwa saluni yangu inatazamana na sonara, akanipa kopo, "Wewe uko pale pale, mpelekee azipime," nami kwa ujinga wangu nikalitia mkobani nikaenda peke yangu.

Sonara akachukua moja akaidondosha juu ya kioo cha meza, ikalia tak, kama kifuniko cha soda. Akadondosha ya kwake, ile ikalia kwa mlio mwembamba uliochelewa kuisha. Halafu akaisogeza yetu kwenye taa akanionyesha ukingo ulivyolika, chini ya weupe pakawa pekundu. "Dada, hii ni shaba, imechovywa fedha kwa juu tu. Na hizi nyingine zote ni ndugu zake."

Mshauri, nililirudisha kopo mkobani. Nilirudi nikasema kila kitu kama kilivyokuwa, wifi akafika jioni ile ile, hata kukaa hakukaa. "Kopo limetoka kabatini kwa mama, limepita mkobani mwako, limefika kwa sonara ni shaba. Sasa tumuulize nani, kopo?" Nikamgeukia mume wangu anitetee, naye akatazama chini, akaniuliza, "Una hakika hukupitia mahali pengine?" Hilo swali liliniuma kuliko matusi yote ya dada yake, na tangu siku ile analala kwenye kochi.

Kesho yake mume wangu alipotoka kwenda kazini, mama mkwe akaniita chumbani akafunga mlango. "Mwanangu, najua si wewe. Ni mimi." Akanieleza kwamba wifi alipokuwa mtoto mfupa wa mguu ulioza, daktari akasema asipopasuliwa haraka mguu utakatwa, na baba mkwe alikuwa kazini mbali, na alishaapa kwamba anayegusa kopo lake atoke kwake. Mama akaziuza zote, akamtafuta fundi akamtengenezea hizi za kuchovya ili kopo lisipungue. Mzee aliporudi alimkuta mtoto anatembea, akaambiwa hospitali ilitibu bure, na amekufa akiamini hivyo. "Wakijua leo wataniona nilimwibia baba yao. Nisitiri, mwanangu." Akanishika mikono analia, nikamwahidi.

Sasa wifi huyo huyo anakuja kwangu kwa miguu yake miwili kuniita mwizi, na mimi mdomo nimefungwa. Nikisema, namvua nguo mama aliyenipenda kama bintiye. Nikinyamaza, naenda mahabusu na ndoa inakwenda. Nifanyeje?

Mkwe Niliyefungwa Mdomo

MSHAURI ANAJIBU

Mkwe, jibu hili nakutumia kwenye simu leo hii, gazeti litasubiri.

Pole sana. Na sasa niache nikugombeze. Urithi wa watu unaubeba vipi peke yako mkobani, bila hata mmoja wa wenyewe kuwa nawe? Wifi yako kakupa kopo, wewe ungemshika mkono mkaenda wote.

Sikiliza. Sarafu hizo usizioshe, usizisugue, usizikwaruze. Zifunge kwenye kitambaa kama zilivyo. Ukingo uliolika vile haukulika wiki hii, umelika kwa miaka ya kidole gumba cha mzee, na uchafu mweusi ulioganda kwenye maandishi hauji kwa siku mbili. Sarafu iliyochovywa jana ingekuwa inang'aa kote. Nenda kwa sonara na mumeo na wifi yako, mumuulize swali moja tu: uchovyaji huu ni mpya au wa zamani? Jibu lake litakutoa wewe.

Lakini litawaingiza wengine. Wataanza kumnyooshea kidole marehemu, na mama atakaa anasikiliza. Kwa hiyo kabla ya sonara, mama. Ulimwahidi kumsitiri, hukumwahidi kukamatwa kwa niaba yake. Ingia chumbani kwake leo, umwambie: "Mama, siwezi kuendelea. Sitasema mimi, utasema wewe." Mpigie wifi aje, umwingize kwa mama yake, kisha utoke, ufunge mlango. Usikae kusaidia maneno. Na kama Alhamisi jioni mama bado hajafungua kinywa, unamwambia mumeo mwenyewe, na hutakuwa umekosa. Mama aliyeuza kopo kuokoa mguu wa mwanawe hana aibu ya kuficha, ana woga tu.

NYONGEZA

Wasomaji, nachapisha haya kwa ruhusa ya mama mkwe mwenyewe. Polisi hawakuja. Wifi alipigiwa simu akaja kabla ya Ijumaa, akaingia kwa mama akiwa bado anafoka. Alipotoka alikuwa amevimba macho, akapita jikoni, akasimama, akasema, "Wifi, nimekukosea," akaondoka hata chai hakunywa. Kopo limerudi kabatini, hakuna anayeuza.

Mkwe ananiuliza swali jipya: mume amebeba mto, anataka kurudi chumbani, amrudishe?

Mrudishe, mwanangu, lakini asipite kimya kimya usiku na wewe ukajifanya umelala. Alikutilia shaka mbele ya dada yake, basi akuombe radhi mbele ya dada yake.