Kitabu Kilichoanikwa Kambani

Mwaka mzima umetimia sasa, Mama Pindo, tangu ulipoiweka sindano chini na kutuacha. Cherehani yako ipo pale pale dirishani, imefunikwa kitambaa. Hakuna aliyethubutu kuigusa isipokuwa mjukuu wako Wakili, ambaye, kama unavyomjua, haombi ruhusa bali hutoa hoja.

Mtaani wanakukumbuka kwa pindo. Ulishona sare za shule ukikunja chini upana wa kiganja kizima, ili mtoto akirefuka sketi nayo irefuke, na mzazi asirudishwe dukani kabla ya wakati. Mumeo, enzi zake za ualimu mkuu, aliweza kusimama mbele ya mstari wa asubuhi na kumtambua mtoto wa darasa la sita kwa alama za pindo zilizofumuliwa.

Sisi wa nyumbani tunakukumbuka zaidi kwa kitabu kile.

Kilikuwa riwaya ya mapenzi, ya binti wa mshona viatu na mkuu wa stesheni ya treni. Ulikirudia kila mambo yalipokwenda mrama: mwanao wa kwanza alipofeli mtihani, cherehani ilipoibwa, mumeo alipohamishiwa shule ya mbali. Tulipokukuta umeketi jikoni, miwani puani, tulijua kwamba hali si nzuri, na kwamba itatengemaa baada ya sura chache. Mumeo, mwenye kabati la vioo lililojaa vitabu vya maana, hakuacha kustaajabu.

"Mke wangu, mwisho wake si unaujua?"

"Ndiyo raha yake, Mwalimu. Shida nisizozijua mwisho ninazo tele. Na vile vyako ni vya kuelimika, hiki changu ni cha kuegemea."

Siku kilipotumbukia katika beseni la nguo, gundi iliachia, kikaachana mafungu mafungu. Uliyaanika mafungu hayo kambani kwa vibanio, ukayaokota kwa jinsi yalivyotangulia kukauka, ukayafunga pamoja kwa mpira wa kiunoni. Mumeo alikuonyesha nambari za kurasa.

"Kimekauka hivi," ulimjibu, "kitasomwa hivi."

Tangu hapo, kila ulipotusomea kwa sauti, mkuu wa stesheni akawa anafariki kwa homa katikati ya kitabu, anazikwa kwa heshima zote, na katika fungu linalofuata anabisha hodi kwa akina binti, amelowa mvua, akitaka chai. Wajukuu walilelewa na hadithi hiyo wala hawakuiona kasoro. Mumeo peke yake ndiye aliyekuwa akiinua kichwa kutoka kwenye madaftari aliyokuwa akisahihisha.

"Huyu mtu si tumemzika sasa hivi?"

"Tumemzika. Sasa ana kiu. Tuendelee."

Ulipotutoka, mumeo alikusudia kukuenzi kwa njia anayoijua, yaani utaratibu. Aliyapanga mafungu kwa nambari, akayashona kwa uzi mnene, akakitia kitabu jalada gumu la kijani na kukipa nafasi kabatini, kwenye rafu ya katikati. Alikitazama siku nzima kwa kuridhika.

Kisha kitindamimba wako akalazwa hospitali. Mimba ya kwanza aliipoteza, unakumbuka. Kwa hii ya pili daktari aliamuru asinyanyuke kitandani hadi ajifungue, tena asihuzunishwe kwa lolote. Kwa hofu akawa anarudisha sahani bila kuigusa. Aliomba kitu kimoja tu: kitabu cha mama.

Mumeo alikipeleka mwenyewe, na mwenyewe akakisoma, kila jioni saa za kutazama wagonjwa, kwa sauti ile ile aliyokuwa akisomea matangazo ya shule. Wakili aliketi miguuni pa kitanda.

"Babu, umeruka."

"Sijaruka. Nimefuata kurasa."

"Basi kurasa ndizo zimekosea."

Jioni ya mwisho mkuu wa stesheni alishikwa na homa, akafa, akazikwa, na mumeo akafunga kitabu.

"Na chai?" kitindamimba akauliza.

"Chai alikunywa juzi, alipokuwa hai."

"Kwa hiyo amekufa kweli?"

"Mwanangu, amekufa tangu kitabu kilipopigwa chapa."

Kitindamimba aligeukia ukutani na kuanza kulia. Muuguzi alikuja kumpima, akaona presha imepanda, akatutazama mmoja mmoja.

"Kuna nini hapa?"

"Mkuu wa stesheni amefariki," alisema Wakili.

"Poleni sana. Alikuwa nani wenu?"

Mumeo aliondoka bila kuaga, yeye asiyevumilia mtu anayetoka bila kuaga.

Kesho yake alirudi na wembe wako wa kufumulia mishono. Aliketi pembeni ya kitanda, akaukata uzi wake mwenyewe, akayatandaza mafungu juu ya shuka. Mpangilio wako ulikuwa haujaandikwa popote, kwa hiyo ukazuka ubishi.

"Baada ya mazishi ni chai!"

"Chai inajulikana. Baada ya chai?"

"Ugomvi wa mahari."

"Sivyo," alisema mumeo. "Baada ya chai ni mwavuli uliosahauliwa, ndipo ugomvi, kisha binti anakutana na mkuu wa stesheni kwa mara ya kwanza, na harusi ni ya mwisho."

Tulimkodolea macho.

"Baba! Si ulikuwa husikilizi?"

"Nilikuwa nikisahihisha madaftari. Sikuwa kiziwi."

Wakili alivua utepe wa nywele, mafungu yakafungwa. Mumeo akaanza kusoma, safari hii polepole. Tulimzika mkuu wa stesheni. Kitindamimba alilishika shuka kwa mikono miwili. Mumeo akafunua fungu linalofuata, mahali pale ambapo mvua inanyesha na mtu anabisha mlangoni.

"Hodi," alisoma.

Aliinua macho akautazama mlango wa wodi, akautazama kwa muda.

"Karibu," alisema mumeo.

Neno hilo halimo kitabuni. Wakili alilijua hilo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakutoa hoja.

Jioni ile kitindamimba alikula, akaomba aongezewe.

Unakumbukwa na mumeo, Mwalimu Mkuu mstaafu. Wanao wote na wakwe zako. Wajukuu zako, wakiongozwa na Wakili. Wateja wako waliorefuka ndani ya sketi zako. Pamoja na mjukuu wako mchanga, aliyewasili salama kwa wakati wake, mwenye mapafu imara, ambaye hunyamaza tu akisomewa mazishi.

Hatutaacha kukukumbuka, Mama Pindo, siku zote za maisha yetu.