Kwa Baba Yetu Tarsis, Ambaye Bado Anasema Jumamosi Jioni

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuage Jumamosi ile asubuhi, hapa hapa Kariakoo. Mwanao Filbert, aliyekaa sekondari mpaka akaanza kumsahihisha bibi yake Kiswahili, anataka tuanze kwa kukutoa wasiwasi: nyumba yako haina mwoga hata mmoja. Redio yako imekaa kimya mwaka mzima kwa sababu ya betri tu.

Tunakumbuka mikono yako. Kule kituo cha redio ulikotangaza ulizoea kushika santuri kwa viganja, pembeni, vidole visiguse. Basi hata sahani ya wali ukaibeba vivyo hivyo, Mama akakuuliza, "Baba Filbert, wali wangu nao unakwaruzika?" Mlango uliufunga polepole, kama vile nchi nzima inasikiliza.

Tunakumbuka saa yako ya Jumamosi jioni, ya muziki wa Kizungu wa fidla na piano. Tangu mfalme wa Waingereza alipokufa na redio ikashinda ikilia fidla, mtaa ulishika kwamba fidla ni msiba. Sadalla muuza kahawa alikuwa akitua birika na kukungoja urudi.

"Haya, leo kafa nani?"

"Hajafa mtu, Sadalla. Wanafurahi hao."

"Je, wakihuzunika?"

Siku uliyofariki hakuuliza. Alikaa mkekani pamoja na wafiwa. Saa yako ilipofika, redio ya Champaben, jirani yetu wa duka la kanga, ikasema nyuma ya ukuta kwa sauti yako, ile waliyoinasa zamani ya kufungulia kipindi: "Wasikilizaji wapenzi, kaeni vizuri, tusikilize pamoja." Nawe ulikuwa umelala chumbani, umevaa suti yako ya harusi. Mama alianguka. Wanaume wazima walitoka mbio, viatu wakaviacha. Filbert, asiyeogopa kitu, alikutwa nyuma ya pipa la maji.

Tangu hapo Champaben akapunguza sauti ya redio yake kwa heshima, na kwetu betri ikafa. Mama alitaka kukusikia tena. "Nikianguka nitaangukia mkeka," alisema. Filbert akajibu kwamba betri mpya bado hazijashushwa bandarini. Baba, mwaka huu meli zimeleta saruji, baiskeli, mpaka viti vya kinyozi. Betri, hapana.

Juzi tulikuwa tunapanga misa yako, Champaben akaingia.

"Shikamoo," akasema Filbert.

"Marahaba. Mbona Jumamosi iliyopita sikukuona dirishani?" Akamgeukia Mama. "Kila Jumamosi, Mama Filbert, anasimama chini ya dirisha langu mpaka baba yake amalize kusema, halafu anakimbia. Mimi naongeza sauti kidogo, nikijidai sijamwona. Sasa hiyo aliyoikosa ndiyo siku redio ilipotangaza kwamba sauti hiyo inaondolewa. Jumamosi hii ni ya mwisho. Wanaweka sauti ya mtu mwingine."

Mama aliondoa kitambaa, akaigeuza redio. Waya wa betri ulikuwa umechomolewa, ukakunjwa vizuri na kufichwa chini yake.

"Kumbe bandari ni hapa," akasema.

"Nilidhani ukimsikia tena utakufa, Mama."

"Na wewe uliyemsikia mwaka mzima, mbona hukufa?"

Filbert huyo, Baba, aliinama akaanza kuukunjua waya.

Jumamosi hii tutaifungua redio yako. Tunaogopa, hatukufichi. Bintiyo Hyasinta hali chakula vizuri tangu juzi, na Bibi anasali rozari hata mchana. Mkeka umeshatandikwa. Wewe sema tu polepole, kama kawaida yako.

Unakumbukwa na mkeo Blandina. Mama yako Mektilda. Binti yako Hyasinta. Ndugu zako wote wa Kilimanjaro. Jirani zako Champaben na Sadalla. Na mwanao Filbert, aliyeandika haya, atakayeketi mbali na mlango.

Wao redioni wakikunyamazisha, sisi tutakukumbuka siku zote.