Sufuria yangu imekuwa tumbo la ng'ombe

Mwenzangu, kaa chini kwanza.

Leo mkwe wangu kanipeleka makumbusho. Uani wamepanga masanamu yaliyotengenezwa kwa vitu vilivyotupwa. Nikakuta ng'ombe wa vyuma chakavu, na tumbo lake ni sufuria.

Sufuria YANGU. Ile kubwa aliyoninunulia marehemu, niliyokuazima kwa harusi ya mwanao, ukaniambia imeibiwa.

Nimeangalia mara tatu. Alama yangu ya rangi nyekundu ipo palepale ukingoni. Chini ina tundu la kuungua.

Nikamuuliza fundi wa masanamu ameitoa wapi. Akasema, "Jalalani, mama. Kuna mama aliileta kaifunga kwenye shuka la maua ya njano, kila hatua anageuka nyuma."

Shuka la maua ya njano. Nililifua mwenyewe ulipokuwa unaumwa.

Mkwe akaniuliza mbona nacheka peke yangu. Nikamwambia nimekutana na mtu wa nyumbani.

Mwaka mzima tunasali kwangu, namwombea mwizi wa sufuria Mungu amlainishe moyo aje akiri. Na wewe ndiye unayeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kesho njoo kama kawaida. Ila sala utaianza wewe.