Pua ya Mgeni

Mjukuu wangu Anita,

Marahaba. Huku Nyamahanga tu wazima, bibi yako anaanika maharage. Umeuliza kama mume wa mama asiyemzaa mtoto ni baba yake mtoto huyo.

Nilipokuwa kijana, mtu wa Keza alimjia baba na kibuyu cha pombe ya ndizi. Akaninyooshea kidole, akasema, "Huyu nilimzaa mimi." Kwetu anayekuja kudai mtoto hanywi kabla ya kujibiwa; akinywa, amekubali kuwa mgeni tu, dai lake limekwisha. Baba hakubisha. Akaniambia, "Mwanangu, mmiminie mgeni." Jua lilikuwa kali, naye alikuwa ametoka mbali. Akapokea, akanywa, akaaga.

Ya sheria utanieleza wewe unayeisomea. Pua hii ni ya yule mtu, hata wewe unayo. Lakini kaburi ninalolipalilia ni la baba.

Babu yako